JE, KUMTUNZA MBWA MWENYE HOFU NI DHAMBI AU NI THAWABU?



 

Ijumaa tatu zilizopita, baada ya swala, mzee mmoja wa safu ya mbele alinishika mkono pale mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akaniuliza: "Shehe, ni kweli kwamba katika parseli ya yule mama aliyekimbia vita kuna mbwa, na watoto wetu wa madrasa wanakwenda kumlisha?" Nikamjibu kwamba ni kweli. Akaniuliza: "Na wewe unajua?" Nikamjibu kwamba najua. Akasema: "Basi watu wanalala njaa hapa Bulengera, na wewe unaruhusu bugali wapewe mbwa, mnyama najisi?"

Swali la mzee huyu ni swali la haki. Tena ni maswali mawili katika moja: la kwanza ni la sheria, la pili ni la moyo. Jibu lake halikuweza kutoka mlangoni watu wakivaa viatu. Ndiyo sababu nimeomba karatasi hii ya leo yote iwe juu ya jambo hili. Mwenye kuliona dogo asome hadi mwisho kwanza, kisha aamue.

Habari yenyewe ni hii. Mama huyo alifika kwetu kutoka upande wa Beni pamoja na watoto wake baada ya majirani zake kuuawa walipokuwa wakienda kuchuma kakao. Hakuna kati yetu anayehitaji kuelezwa mambo hayo. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa vijijini na mashambani, na mwezi wa Juni 2024 mauaji hayo yalishuka hadi katika teritwari ya Lubero, mahali ambapo wengi wetu tulidhani hayatafika. Mama alitembea, akapanda gari, akatembea tena. Nyuma yao alikuwako mbwa. Hakuwa mbwa wao. Alikuwa wa nyumba ya jirani, nyumba ambayo hakutoka mtu. Mama hajui hata walikuwa wanamwita jina gani.

Mbwa alifika siku kadhaa baada yao, sijui kwa njia ipi, kwa kuwa kwenye gari hakupanda. Alikuwa mifupa mitupu, mkia umebanwa katikati ya miguu hadi tumboni. Akachagua kulala ndani ya mtaro ulio nyuma ya mahali petu pa kutawadhia.

Hapa lazima niseme ukweli wangu, maana wapo watoto wanaoujua na watawasimulia nyinyi wazazi wao. Mimi ndiye niliyewaamuru vijana wamfukuze. Nilisema: "Mtoeni hapo, tutatawadha wapi?" Wakaokota mawe. Jiwe moja lilimpata mguu wa nyuma. Mbwa akipigwa, kwa kawaida hulia. Huyu hakulia. Alijilaza chini kabisa kama nguo iliyoanguka, akakojoa pale pale, akangoja jiwe la pili. Basi mtoto wa yule mama, mvulana wa miaka kama tisa, ambaye tangu afike madrasa tulikuwa hatujamsikia akisema zaidi ya alifu na be, akaja akasimama kati yangu na mtaro. Akasema: "Shehe, usimpige. Naye ametoka kule."

Mimi nilianza chuo cha Qur'ani nikiwa mtoto mdogo, na leo nimevuka miaka hamsini. Nimekaa mbele ya walimu wakali. Hakuna aliyewahi kuninyamazisha namna ile.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa kuwa huruma isiyo na elimu inaweza kuharibu swala za watu. Sisi wa Afrika Mashariki na wa hapa Kongo tunaofuata njia iliyoletwa na wazee kutoka pwani ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi. Katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na mahali pa mwili au nguo palipogusana naye kwa unyevunyevu huoshwa vivyo hivyo. Kilicho kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi. Wenzetu wa Imam Malik wanasema mbwa ni tohara kama wanyama wengine walio hai, na kuosha chombo ni amri ya kutii tu. Wa Imam Abu Hanifa wanasema mate yake ni najisi lakini mwili wake sivyo. Nayataja haya ili ujue kwamba maulamaa wakubwa wamehitilafiana, na kwamba anayemgusa mbwa hajatoka katika dini. Ana kazi ya kuosha, basi. Najisi ni habari ya maji na udongo. Damu yako mwenyewe ikitoka ni najisi, na hakuna anayeichukia damu yake.

Hadithi zinatuambia pia kwamba anayefuga mbwa pasipo haja hupungukiwa thawabu kila siku, na kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Hizo ni hadithi sahihi na hatuzifichi. Lakini hadithi hizo hizo zimemtoa mbwa wa kuwinda, mbwa wa kulinda mifugo na mbwa wa kulinda shamba. Na katika Sura ya tano, Al-Maida, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula walichotukamatia wanyama wa kuwinda tuliowafundisha, katika elimu aliyotupa Yeye. Fikiri juu ya jambo hilo. Kumfundisha mnyama kumehesabiwa kuwa ni sehemu ya elimu anayotoa Mungu.

Kwa hiyo yule mama hakosi kumweka mbwa nje, penye banda, kwa haja ya ulinzi au kwa kumwokoa na kufa, mpaka apatikane mwenye mifugo wa kumchukua. Nyumbani ndani asimwingize. Nilimweleza hivyo, akakubali, na hata mbwa mwenyewe hakutaka kuingia ndani ya kuta zozote.

Lakini ndugu yangu, kuna mbwa mmoja ambaye wewe unamsoma kila Ijumaa bila kumsikia. Sura ya Al-Kahf ni desturi yetu siku hii ya leo. Inatusimulia habari za vijana walioikimbia nchi yao kwa sababu watu wake wangewaua au wangewarudisha katika ushirikina. Wakaingia pangoni. Kwa lugha yetu ya leo vijana wale walikuwa wakimbizi. Na pamoja nao alikuwako mbwa, kwenye kizingiti cha pango, amenyoosha miguu yake ya mbele. Mwenyezi Mungu angeweza kuisimulia habari yao bila ya mbwa na isipungue kitu. Badala yake amemtaja zaidi ya mara moja, na watu waliobishana juu ya hesabu ya vijana wale, kila waliposema idadi, walimhesabu na mbwa. Nimeisoma sura hiyo miaka zaidi ya arobaini. Mwaka huu tu ndipo nilipojiuliza mbwa yule aliwafuataje, na nani alikuwa amemtupia mawe njiani.

Mnaijua pia hadithi ya mtu aliyekuwa safarini akashikwa na kiu kali, akashuka kisimani akanywa. Alipopanda akamkuta mbwa anahema na kula udongo mbichi kwa kiu. Akasema moyoni kwamba mnyama huyu yamempata yale yale yaliyonipata mimi. Akashuka tena, akajaza kiatu chake cha ngozi maji, akakibana kwa meno ili apate mikono ya kupandia, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Sahaba walipouliza kama kweli kuna ujira kwa ajili ya wanyama, Mtume (s.a.w.) akawajibu kwamba upo katika kila kiumbe chenye uhai.

Sisi wahubiri huwa tunakimbilia mwisho wa hadithi hii, kwenye msamaha. Leo nataka tusimame katikati yake. Mtu yule alimtambua mbwa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuona kiu muda ule ule. Kiu yake ndiyo iliyokuwa elimu yake. Angekuwa ametoka nyumbani kwake ameshiba maji, pengine angepita.

Basi swali langu kwenu, watu wa Butembo na Beni, ni hili: sisi tumepewa elimu ya nini? Wengine wana elimu ya mafuta, wengine ya bahari. Sisi tuna elimu ya hofu. Tumelala msituni na watoto tumewaziba midomo. Tunajua kuusikiliza mlango. Na sisi Waislamu tunaijua na hofu nyingine juu ya hiyo, kwa kuwa wauaji wale wanajipachika jina la dini yetu, na wapo jirani ambao wakiona kanzu macho yao hubadilika. Mwezi wa Mei 2021 masheikh wawili waliokuwa wakiwapinga hadharani waliuawa katika muda usiofika wiki tatu, mmoja ndani ya msikiti mjini Beni na mwingine huko Mavivi. Simfananishi mtu na mbwa, Mungu apishe mbali. Nasema juu ya jiwe. Mwenye kuogopa kitu haraka huokota jiwe, na aliyewahi kutupiwa anapaswa kuujua mkono wake kabla haujainuka.

Hata hivyo hofu si sawa na kiu, na hapa ndipo lilipo jambo gumu. Kiu inaisha kwa kiatu kimoja cha maji. Hofu haishi kwa sahani ya chakula. Siku za kwanza watoto waliweka bugali mbele ya mtaro, wakachuchumaa kumtazama, na mbwa hakula. Wakaondoka wamekasirika: "Tumemletea na hataki!" Nilisikia hasira hiyo na nikaitambua, kwa kuwa ni hasira ya watu wazima pia. Tunampa mtu msaada, kisha tunataka atuamini siku hiyo hiyo, acheke, apige picha. Asipofanya hivyo tunasema hana shukrani. Lakini je, imani ya moyo inadaiwa kama deni la dukani? Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema apigwe mpaka aache kushtuka.

Mtume (s.a.w.) aliwahi kuingia katika shamba la mtu wa Madina akamkuta ngamia, na ngamia alipomwona akatoa machozi. Akamkaribia, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha ndipo akamuuliza mwenye mali na kumwonya juu ya njaa na kazi nyingi alizokuwa akimpa. Angalia utaratibu huo: kwanza kumtuliza, baadaye hukumu. Katika safari nyingine sahaba walichukua makinda ya ndege, mama yao akawa anarukaruka juu yao kwa uchungu, naye akauliza ni nani aliyemtia huzuni, akaamuru makinda yarudishwe. Na vitabu vya sira vinasimulia kwamba katika mwaka wa nane wa Hijra, jeshi likielekea Makka, alimwona njiani mbwa jike anawanyonyesha watoto wake huku akiwabwekea watu. Akamweka sahaba mmoja asimame hapo ili askari wasimsumbue. Jeshi la maelfu ya watu, siku ya jambo kubwa kama lile, na mtu mmoja akatolewa kazini kwa ajili ya woga wa mbwa.

Kwa hiyo mimi nimeamini kwamba hofu ya kiumbe inahesabiwa. Tutaulizwa tulimlisha nini, na tutaulizwa pia tulimtisha vipi.

Tulifanya nini basi? Kijana mmoja wa hapa mjini aliyesomea mifugo alikuja kutusaidia, na jambo lake la kwanza halikuwa huruma, lilikuwa chanjo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa upo katika nchi yetu. Duniani unaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wakiwemo watoto wengi, na karibu wote wameupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Akiumwa mtoto, au akikwaruzwa na mbwa msiyemjua, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha akimbizwe kituo cha afya kwa chanjo siku hiyo hiyo. Msifunge jeraha kwa majani, wala msinipelekee mimi nilisomee kabla ya kuosha. Dua itakuja njiani. Mbwa anayebadilika ghafla, anayetokwa na mate hovyo, anayeng'ata vijiti na mawe, huyo asikaribiwe na mtu. Nayasema haya kwa sababu mtoto akisikia hadithi ya kiatu na maji anaweza kwenda kumkumbatia mbwa yeyote. Watoto wetu hawaruhusiwi kwenda kule bila mtu mzima.

Baada ya hapo kijana alitufundisha kazi ambayo ilinishangaza kwa kuwa kubwa yake ni kutokufanya. Mtu mmoja tu ndiye aliyeleta chakula, saa ile ile kila siku, akakiweka na kuondoka. Baada ya siku kadhaa hakuondoka. Alikaa mbali, ubavu umemwelekea mbwa, bila kumtazama machoni, kwani kwa mbwa mwenye hofu jicho la mtu ni kama panga lililoinuliwa. Kila siku chache alisogea kidogo. Mbwa akipiga miayo, akilamba pua, akigeuza kichwa au akionyesha weupe wa macho, basi hiyo ni lugha: anasema inatosha. Unarudi nyuma. Ukimbana kwenye kona ndipo atakapong'ata, na utasema ni mkali, kumbe ulimnyima njia. Banda lake lilijengwa na matokeo mawili, kwa kuwa aliyekimbia mauaji haingii mahali penye mlango mmoja. Kamba haikutumika wiki zile. Akija kumgusa mtu ni yeye anayekuja, na mkono unapita chini, kwenye kifua, haupiti juu ya kichwa.

Aliyekaa pale kila siku, pamoja na kijana yule, alikuwa mvulana wa mama. Jioni ya baridi, amejifunika leso ya mama yake, alikuwa akisoma juzuu yake kwa sauti ndogo. Kijana wa mifugo alisema hiyo ni dawa, mbwa azoee sauti ya binadamu isiyotaka kitu kwake. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta siku moja nikasikiliza. Mtoto yule ambaye madrasa hafunui mdomo alikuwa amefika katikati ya juzuu ya Amma, bila makosa mengi. Sikumwendea. Nilikuwa nimejifunza kutomsogelea.

Baadhi yenu mtaona ni mambo ya Wazungu. Hapana. Katika Uganda ya kaskazini, mjini Gulu, ambako vita vya LRA viliwatesa watu karibu miaka 20 kabla ya kundi hilo kuhamia kwetu na kuwaua watu wa Haut-Uele katika Krismasi ya 2008, kuna mtu anayeitwa Francis Okello Oloya. Alipofuka macho akiwa mtoto wa miaka 12 kwa kilipuzi kilichoachwa ardhini. Anasimulia kwamba alipokuwa shule ya bweni aliona haya kuwaamsha wenzake usiku wampeleke chooni, na mbwa wa pale ndio waliomsindikiza. Alisomea elimu ya nafsi, akaanzisha kazi ya kuchukua mbwa wa mitaani walioteswa, wakachanjwa, wakatulizwa na kufundishwa, kisha wakakabidhiwa kwa watu waliovunjwa na vita: waliotekwa utotoni, wasiolala usiku, waliotaka kujiua. Mtu huhudhuria mafunzo kwa miezi kadhaa na kutoa ahadi ya kumtunza mbwa wake. Waacholi hawakuwa watu wa kumbeleza mbwa kutuzidi sisi. Na hapa katika Kivu yetu, walinzi wa Hifadhi ya Virunga walianza mwaka 2011 kutumia mbwa wa kunusa huko Rumangabo, nao hufundishwa kwa upole na malipo, si kwa fimbo.

Wala hatuhitaji kwenda Gulu. Tumesahau miaka ya 2018 hadi 2020? Ebola iliwaua watu 2,287 katika nchi yetu, na Butembo na Katwa zilikuwa katikati yake. Watu waliletewa tiba wakaikimbia. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi wa Aprili daktari kutoka Kameruni aliuawa hapa hapa mjini. Wageni wengi walituita wajinga. Lakini watu waliochinjwa miaka minne bila kulindwa wangeaminije, kwa siku moja, magari yaliyokuja na bunduki mbele? Nami nakumbuka ni nani waliotufanya tukubali. Ni wale waliokaa. Mama za mtaa, wachungaji, sisi maimamu tulioitwa, na wauguzi waliokubali kuulizwa swali moja mara kumi. Tulidai tupewe muda. Tukapewa na baadhi yao. Sasa tunaona taabu kumpa muda mnyama?

Narudi kwa mzee wangu na sahani ya bugali. Anasema binadamu kwanza. Nakubaliana naye bila kuzunguka: ikiwa sahani ni moja na kuna mtoto, ni ya mtoto, na mwenye kumpa mbwa amedhulumu. Mbwa huyu anakula makoko ya sufuria na vichwa vya ndagala ambavyo vingetupwa. Lakini nimtanie kidogo mzee wangu, maana ananijua: hiyo sahani tunayoitetea, ni nani kati yetu aliyekuwa ameibeba kuipeleka kwa wakimbizi, mbwa akamnyang'anya njiani? Katika parseli ile kuna familia tatu katika nyumba ya vyumba viwili. Waliofika kuwaona kwa sababu ya mbwa ni wengi kuliko waliofika kwa sababu yao. Hilo ni aibu, nami nimo. Lakini waliofika waliona, na mifuko miwili ya unga wa muhogo na blanketi nne zilikuja kwa njia hiyo.

Limebaki jambo moja ambalo limenikosesha usingizi kuliko najisi. Mama hawezi kubaki na mbwa. Mwenye parseli ameshasema. Tena haja ya kumhifadhi inakwisha, na dini inataka awe na kazi. Amepatikana ndugu mmoja mwenye mbuzi upande wa kwenda Lubero, mtu mpole, anataka mbwa wa kulala kwenye zizi. Ni jambo jema kwa kila upande. Lakini mbwa aliyechukua wiki kumi na moja kuuamini mkono mmoja, ni haki kumhamishia mkono mwingine? Na mvulana je, aliyekwisha kupoteza nyumba, jirani na rafiki?

Mwanzoni nilitoa rai, na ilikuwa rai mbaya. Nilisema mbwa achukuliwe usiku, na mtoto aambiwe ametoroka. Nilidhani ni huruma. Mama yake akaniuliza kwa adabu: "Shehe, na ndiyo utakayomwambia wewe kwa mdomo wako?" Nikakumbuka hadithi ya mama aliyemwita mwanawe aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) akamuuliza alikuwa anataka kumpa nini. Akasema tende. Akamwambia kwamba asingekuwa na kitu angeandikiwa uwongo. Na walimu wetu husimulia juu ya mwanachuoni aliyesafiri mbali kuchukua hadithi kwa mtu fulani, akamkuta anamwita mnyama wake kwa nguo aliyoikunja kana kwamba ina chakula. Akarudi zake bila kuichukua. Imani ya mnyama ni amana kama amana ya mtu, na kuihamisha si kuivunja, mradi ihamishwe mchana, taratibu, na kila mwenye haki akijua.

Mtoto tulimwambia. Alilia, kisha akauliza kama yule mwenye mbuzi ana pikipiki, kwa sababu mbwa anaogopa pikipiki kuliko mvua. Tulipomuuliza yule bwana, akasema anayo, ataiacha barabarani na kupanda kwa miguu.

Ameshakuja mara moja. Alikaa ubavu, hakusema neno, akaacha kipande cha gunia alichokuwa amelalia mbuzi wake, mbwa akakinusa alipoondoka. Atakuja tena Jumapili hii baada ya alasiri, na mara ya tatu, Insha Allah, wataondoka pamoja kama mbwa atakubali kufuata. Asipokubali, atakuja mara ya nne.

Kwa hiyo tunawaomba wenye pikipiki wa mtaa huu wasipite njia ya nyuma ya msikiti Jumapili kuanzia alasiri hadi magharibi, na wazazi wabaki na watoto wao. Mwenye bakuli la zamani asilolihitaji kwa chakula cha watu, au magunia makuukuu, amkabidhi muadhini. Unga na mafuta kwa zile familia tatu vinapokelewa hapo hapo, kila siku baada ya alfajiri.